Sare ya Walter, Joho la Owuor

Mwanzoni mwa filamu ya Nirgendwo in Afrika, Walter Redlich, wakili Myahudi aliyekimbia Ujerumani, anampa mpishi wake Owuor joho la mahakamani. Owuor amemuuguza malaria mpaka akapona, na kwenye shamba la Rongai joho halina kazi. Miaka kadhaa baadaye Walter anavaa vazi jingine, sare ya jeshi la Uingereza. Kwangu, uzuri wa filamu hii umo katika mavazi hayo mawili, na udhaifu wake umo humo humo.

Caroline Link aliiongoza mwaka 2001, ikapata Oscar mwaka 2003. Imetokana na riwaya ya Stefanie Zweig, aliyezaliwa mwaka 1932, akaletwa Kenya na wazazi wake mwaka 1938 na kurudi Ujerumani mwaka 1947. Baba yake, kama Walter, alikuwa mwanasheria aliyeishia shambani, kisha jeshini.

Vita ilipoanza Septemba 1939, Waingereza walimkamata Walter kama raia wa nchi adui. Mtu aliyemkimbia Hitler akafungiwa kwa sababu ya pasipoti ya Hitler. Sisi tuliokulia Iringa tunaielewa hofu ya Waingereza. Tanganyika ilikuwa koloni la Mjerumani hadi vita ya kwanza. Katika miaka ya thelathini walowezi wa Kijerumani walikuwa na mashamba Mufindi, Iringa na Mbeya, na chama cha Nazi kilikuwa na matawi nchini. Nao walikusanywa mwezi huo huo. Serikali ya kikoloni haikuwa na muda wa kuuliza nani anampenda Hitler na nani anamkimbia. Wote walikuwa Wajerumani.

Hapo ndipo swali la filamu linapouma. Kwa nini mtu aende kuitumikia nchi iliyomfunga? Link hampi Walter hotuba ya uzalendo. Anampa barua: mama yake Jettel anaandika kwamba wanapelekwa Poland, na Walter anajua maana yake. Novemba 1941 Ujerumani iliwavua uraia Wayahudi wote waliokuwa nje ya mipaka yake. Tangu hapo sare ya Kiingereza ilikuwa karibu kitu pekee kilichoweza kusema yeye ni wa upande gani. Uingereza kwenyewe wakimbizi takriban 10,000 kutoka Ujerumani na Austria walivaa sare hiyo, wengi wakianzia katika kikosi cha kuchimba na kubeba, bila bunduki. Filamu inajua kwamba sare haimfanyi Walter kuwa Mwingereza. Ndiyo maana, akiitwa kuwa jaji Frankfurt baada ya vita, anakwenda, japo Jettel sasa ndiye asiyetaka kuondoka.

Sasa turudi kwa Owuor. Walter si mtu pekee Afrika Mashariki aliyevaa sare ya mfalme asiyekuwa wake. King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya, lilijaa vijana wa rika la Owuor. Tanganyika ilitoa zaidi ya askari 80,000, wengi kwa kuandikishwa kwa lazima, machifu wakidaiwa idadi ya vijana. Walipelekwa Ethiopia, Madagaska mwaka 1942, na Burma mwaka 1944. Baba yake bibi yangu, mtu wa Tukuyu, alikuwa mmoja wao. Bibi anasema alirudi na koti zito la jeshi ambalo familia ililifanya blanketi, na kwamba hakupenda kuulizwa habari za huko. Mshahara wake ulikuwa wa Mwafrika, na baada ya vita ardhi ya kuwazawadia wapiganaji ilitengwa Kenya kwa ajili ya Wazungu.

Katika filamu simkumbuki askari Mwafrika hata mmoja mwenye jina na kisa chake. Utaniambia hii ni hadithi ya mtoto wa Kijerumani na haiwezi kubeba kila kitu. Nakubali. Lakini kamera inamtazama Owuor mara nyingi sana. Inampa busara, subira, upendo kwa Regina, na joho la wakili. Kitu ambacho haimpi ni vita. Hatuoni kama ana mdogo wake aliyechukuliwa, wala kama anaogopa kuchukuliwa yeye. Walter anajiuliza kwa saa mbili yeye ni wa wapi. Owuor anapewa jibu tangu mwanzo, kana kwamba Mwafrika aliye Afrika hawezi kuwa mgeni kwenye vita ya wengine.

Basi la Iringa kwenda Mbeya hupita Ifunda. Vita ilipokuwa ikiendelea, hapo palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland, wengi wanawake na watoto, ambao waume na baba zao walikuwa wakipigana chini ya amri ya Waingereza. Wanajeshi waliokosa nchi walikuwa na familia huku kwetu, na vijana wa vijiji vya jirani walikuwa Burma. Filamu inayowaweka wote katika fremu moja bado haijatengenezwa. Hadi hapo, itazame hii ya Link, inastahili. Kisha muulize bibi yako lile koti lilitoka wapi.