Pembetatu ya Ohm: hiyo V ni ya wapi?

Bila shaka na wewe umeshachorewa ile pembetatu. V juu, I na R chini. Ziba kwa kidole unachokitafuta, jibu linabaki. Volti 230, mkondo ampea 5, basi ukinzani ni omu 46. Halafu inakuja pembetatu ya pili, ya P, V na I, unapata wati 1,150, unapigiwa vema, mambo kwisha. Sina ugomvi na hesabu yenyewe. Ugomvi wangu ni kwamba pembetatu hii, tunavyoifundisha skuli zetu, inamtoa mwanafunzi akijua kugawanya lakini hajui anagawanya nini. Inaficha swali moja tu, nalo ndilo lenye kazi yote: hiyo V imepimwa kutoka wapi mpaka wapi?

Unguja ni mahali pazuri pa kuijaribu. Umeme wetu unatoka bara kwa kebo inayopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Ya kwanza ilianza kazi 1980, volti 132,000, uwezo wa megawati 45. Iliposhindwa mwaka 2008 kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima gizani, na tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 ikawa miezi mitatu. Majenereta yalinguruma vichochoroni Mji Mkongwe, na kisichogharamiwa petroli kikazimwa. Kebo ya pili, ya megawati 100, iliyojengwa kwa fedha za Marekani, ilizinduliwa 2013.

Sasa uliza darasani: kwa nini volti 132,000? Mwalimu atasema volteji kubwa inapunguza umeme unaopotea njiani. Mwanafunzi mwerevu atanyoosha mkono: "Maalim, si tumesoma P ni V mara V kugawa kwa R? Volteji ikipanda, si upotevu unapanda?" Hapo wengi wanajibiwa "utayajua mbele ya safari," na hilo ndilo linaloniudhi, maana mtoto amegusa penyewe.

Tufanye hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, waya wa shaba wa kilomita 37 wenye unene wa milimita za mraba 100. Ukinzani wake ni kama omu 6.4. Weka 132,000 kwenye fomula ya mwanafunzi: wati bilioni 2.7 na ushei! Kebo ya megawati 45 inapoteza megawati 2,700? Haiingii akilini. Kosa ni kwamba volti 132,000 hazipo baina ya ncha mbili za waya mmoja, Ras Kiromoni na Fumba. Zipo baina ya waya na waya mwenzake, kwani umeme huu unasafiri kwa nyaya tatu. Ukigawa megawati 45 kwa 132,000 na kwa kipeuo cha pili cha 3, mkondo wa kila waya ni ampea 197 hivi. Mkondo huo ukipita kwenye omu 6.4, V ya ncha mpaka ncha ni volti 1,260 tu. Zidisha kwa 197, halafu kwa nyaya tatu: kilowati 745 hivi, asilimia 1.7 ya mzigo. (Naacha pembeni vituko vingine vya mkondo geu ndani ya kebo za baharini.)

Punguza volteji iwe 33,000 kwa mzigo ule ule. Mkondo unakuwa mara nne, na kwa kuwa joto la waya linafuata mkondo mara mkondo, kama alivyoonesha Joule miaka ya 1840, upotevu unakuwa mara 16: karibu megawati 12. Zaidi ya robo ya umeme inapasha moto bahari.

Ugonjwa huo huo unaonekana majumbani. "Umeme mdogo unaunguza vitu," tunaambiana, na pembetatu haisaidii kujua vitu gani. Pasi ya wati 1,000 kwa volti 230 ina ukinzani wa omu 53 hivi. Volti zikishuka hadi 180, mkondo nao unashuka, pasi inabaki na wati 610. Nguo zitachelewa, pasi haitaungua. Friji ni kisa kingine. Mota ya kompresa ikikosa nguvu ya kuanza kuzunguka inavuta mkondo mkubwa kupita kawaida, na waya wake unapata moto. Mota haina R moja ya kudumu unayoweza kuiziba kwa kidole.

Ningefurahi kuona mtihani ukiuliza hivi: nyumba ya Mkunazini ina soketi moja chumba cha mbele, na birika la wati 2,000 liko jikoni. Waya wa kuungia una urefu wa mita 30, shaba ya milimita moja ya mraba. Kwenda na kurudi ni mita 60, omu 1.03. Birika ni omu 26.5. Tafuta V ya birika na V ya waya, kila moja peke yake. Mkondo ni ampea 8.4, waya unabaki na volti 8.6 na wati 72, joto la balbu kubwa ya zamani, limetandazwa ukutani. Swali la nyongeza, alama mbili: nini kinatokea waya huo ukiachwa umekunjwa mviringo chini ya godoro?