Patasi ya Punjab katika Nchi ya Chai

Kutoka Kiptere, matatu hupitia Sigowet na Kapsoit kabla ya kuingia mjini Kericho, ambako kuba nyeupe za Gurudwara ya Baba Puran Singh, hekalu la Masingasinga, hukupokea. Wengi huziona kama kasri la Kihindi lililopotea njia. Mimi naziona kama kazi ya maseremala.

Hapo zamani palikuwa na karakana, Kericho Wagon Works, na Puran Singh alikuwa fundi wake. Masingasinga wengi waliokuja Kenya kutoka Punjab walikuwa Ramgarhia, jamii ya maseremala, wahunzi na waashi. Reli waliyokuja kuijenga ilipofika Ziwa Victoria mwaka 1901, baadhi ya mafundi wakabaki. Jamii hiyohiyo ilimzaa Bhai Ram Singh wa Lahore, aliyefika Uingereza mwaka 1891 kupamba ukumbi wa Malkia Victoria katika nyumba yake ya Osborne. Alichonga nakshi kwenye mbao, zikatolewa kalibu, plasta ikamiminwa, na juu ya meko akatandaza tausi mkubwa.

Lakini si kila fundi aliyekumbukwa kwa jina. Huko India, Kasri la Mysore, lililojengwa upya baada ya lile la mbao kuungua mwaka 1897, lina mlango uliopachikwa pembe za ndovu. Sifa huenda kwa maharaja na kwa msanifu Henry Irwin. Aliyeshika patasi hatajwi, nami naona ameonewa.

Maana ustadi uleule umo katika gurudumu la mkokoteni, kazi ya karakana kama ile ya Kericho. Kila spoki huchongwa ulimi wa kuingia kwenye tundu la kitovu, bila msumari. Kisha pete ya chuma hupashwa moto hadi iwe nyekundu, huvishwa gurudumu na kumwagiwa maji. Inaposinyaa, inabana viungo vyote kwa mpigo. Ikikosewa kidogo tu kipimo, ama haiingii ama gurudumu linalegea. Hakuna nakshi ya kuficha kosa, na ndiyo maana naiheshimu kazi hii sawa na ile ya tausi.

Ndani ya gurudwara ya Kericho, sanaa ya kifalme imebadilishiwa mwenyewe. Kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib, ndicho kilicho juu ya kiti cha enzi, chini ya kitambaa cha heshima, kikipepewa kama mfalme. Watu wote huketi sakafuni. Mchuma chai akivua viatu na kufunika kichwa, atapakuliwa chapati na dengu bila malipo, bega kwa bega na mwenye shamba.