Asumini na Ulimwengu Usioonekana: Jazanda ya Ua katika Fasihi ya Pwani

Katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili, asumini imezoeleka kufasiriwa kwa njia moja: ua ni mwanamke, harufu ni uzuri wake, na kunyauka ni uzee. Fasiri hii si ya uongo, ila ni finyu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, katika masimulizi ya majini ya pwani ya Malindi na Kilifi, na katika utenzi mmoja maarufu wa kaskazini yake, asumini haisimami tu badala ya kitu kingine. Ina kazi inayoifanya, nayo ni kuuvuka mpaka baina ya ulimwengu wa watu na ule usioonekana.

Yafaa tuanze na ua lenyewe. Matumba ya asumini huchumwa jioni yangali yamefumba, yakatungwa uzini au yakafungwa kikuba pamoja na rehani na mkadi. Hufunguka usiku, harufu ikakolea, na kufikia asubuhi yamesinyaa. Kikuba, basi, ni pambo la usiku mmoja, na usiku ndio wakati wa majini. Katika masimulizi hayo, msichana huonywa asitoke nje magharibi hali amejitia manukato; na harufu nzuri isiyo na mwenyewe, ikipita njiani gizani, huwa dalili tosha kwamba jini yupo. Msimulizi hahitaji kulieleza umbo la jini huyo. Hadhira inayokijua kikuba inajua tayari kinachonukia ni nini, na kwamba aliyekivaa hakupasa kuwa pale.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, unalitumia ua hilo kwa namna iliyo kinyume. Mama mgonjwa anamwusia bintiye, pamoja na mengine, atunge asumini na kuiweka matandikoni. Utenzi huohuo unashikilia kwamba Siku ya Kiyama mke ataingia peponi kwa ridhaa ya mumewe. Tukiyasoma mawaidha haya mawili kwa pamoja, asumini ya kitandani haibaki kuwa pambo. Ni sehemu ya safari ya kwenda akhera. Ann Biersteker, mwaka 1991, alihimiza utenzi huu usomwe upya nje ya dhana ya utiifu mtupu. Sisi twaongeza kwamba asumini ni chombo ambacho mama anamkabidhi binti: hufanya kazi pale ambapo kauli ya mke haikupewa nafasi.

Kumbe ua ni lile lile. Nje ya mlango linaleta jini. Ndani ya mlango linaleta radhi na pepo. Kinachobadilika ni mahali alipo mwanamke. Kwa hiyo kanuni inayoonekana kuhusu harufu ni kanuni kuhusu mlango, na mhakiki anayeishia kwenye uzuri wa ua huipita kanuni hiyo bila kuiona.

Huenda ikadaiwa kwamba haya yote ni mapokeo ya kigeni, kwa kuwa jina la asumini limetoka katika Kiarabu, ambacho nacho kililipata katika Kiajemi, na mmea wenyewe asili yake ni Asia. Hoja hii haitoshi. Mkadi, unaofungwa katika kikuba kimoja na asumini, ni mmea wa pwani hii hii. Mafungamano hayo hayakuletwa na jahazi. Yalifanywa na mikono ya wanawake wa hapa, na juu ya desturi yao ndipo wasimulizi walipoujenga ulimwengu wao wa kubuni.

Twapendekeza, basi, kwamba mhakiki wa jazanda za mimea aulize kwanza mmea hufanya nini, wakati gani na mikononi mwa nani, kabla ya kuuliza unawakilisha nini. Bila swali la kwanza, jibu la pili litakuwa la ua lolote, la pwani yoyote.