Mkufunzi wa Kikundi cha Hisa

Nusu ya wanachama wamechelewa, wametoka sokoni. Mmoja ananyonyesha, mwingine anachungulia WhatsApp chini ya kanga. Mkufunzi wa vikundi vya kuweka na kukopa hana projekta wala kipaza sauti. Ana kivuli cha mwembe tu.

Hahubiri. Kabla sanduku la kufuli tatu halijafunguliwa, anauliza: wiki iliyopita mfuko wa jamii tuliufunga na shilingi ngapi? Simu zinashuka mapajani, maana asiyekumbuka ndiye anayeibiwa kirahisi. Kisha mihuri ya hisa, moja hadi tano kila mkutano, na kumrudia bibi asiyejua kusoma, mara hii na ile, mpaka aihesabu yake mwenyewe bila kuuliza mtu. Faini ya simu kuita hapangi yeye. Wanachama ndio wanaoipitisha kwenye katiba yao, na yake ikiita analipa. (Wakufunzi wa semina za hotelini wangejaribu hilo!)

Mbinu hii ya vikundi vya hisa ilianzia Niger mwaka 1991, ikatufikia. Kadiri kikundi kinavyokomaa, ndivyo anavyopunguza safari zake. Siku ya mgao wanachama wanahesabiana fedha, sare za shule zinanunuliwa. Yeye hana hisa humo.