BitTorrent: nipe nikupe isiyojua hali yako

Unapakua Ubuntu kwa torenti, asilimia hazisogei, na rafiki anakwambia: "Zima kupakia, kasi itapanda." Usimsikilize. Bram Cohen alipoitoa BitTorrent mwaka 2001 aliijenga juu ya nipe nikupe: kila sekunde 10 programu ya mwenzako inaangalia nani anaipa vipande kwa kasi, na hao ndio inaowarudishia. Ukibana mkono, unabaki kungoja nafasi ya bahati inayozungushwa kila sekunde 30, au wema wa waliokwisha maliza faili.

Lakini usiachie yote pia. Laini ikijaa vya kupakia, hata taarifa za "nimepokea" zinakwama foleni, na kupakua kunadorora. Bakisha nafasi kidogo.

Ni ubunifu wa akili sana. Kasoro yake? Unapima ulichotoa, haupimi ulichonacho. Mwenye laini nyembamba ya kupakia anahesabiwa sawa na bahili, hata akitoa yote. Kwa hiyo ukimaliza, usifunge programu haraka. Kuna mwenye laini kama yako bado anangoja.