Safari ya Kuzimu na Wajumbe wa Kusadikika

Katika ngano za Wayunani wa kale, shida ya safari ya kuzimu si kwenda bali kurudi. Orpheus alimlainisha Hades kwa kinubi, akaruhusiwa kumtoa mkewe Eurydice. Aligeuka nyuma kabla ya wakati, akampoteza mara ya pili.

Shaaban Robert (1909–1962), mzaliwa wa Vibambani, Tanga, ameipindua safari hiyo katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951. Wajumbe sita wanakwenda pande zote, hata mbinguni na ardhini, nao wanarudi. Kuzimu yao imo nyumbani: aletaye maarifa mapya hutiwa gerezani. Karama hana kinubi, ana hoja tu; anawataja barazani, mmoja baada ya mmoja, mpaka mfalme anawafungua.

Lawama moja yastahili: uhuru wao umetegemea hiari ya mtu mmoja, ambaye angaliweza kukataa. Hata hivyo fundisho ni zito. Orpheus alishindwa kwa kutazama nyuma. Karama ameshinda kwa kutazama nyuma. Waliozikwa hai wamefufuka kwa kukumbukwa.