59 ya Sörenstam haikuanzia kwenye grini

Tarehe 16 Machi 2001, kwenye kiwanja cha Moon Valley mjini Phoenix, Marekani, Annika Sörenstam wa Sweden alimaliza mashimo 18 kwa mikwaju 59. Kiwango cha kiwanja kile ni mikwaju 72, na katika mashindano ya LPGA, ya wanawake wa kulipwa, hakuna aliyewahi kushuka chini ya 60 kabla yake. Alianzia shimo la 10 na kupata birdi, yaani mkwaju mmoja pungufu ya kiwango cha shimo, mara nane mfululizo. Alipofikisha mashimo 13 tayari alikuwa na birdi 12.

Siku kama hiyo watu husema mkono ulimkubali: kila mpira aliousukuma kwenye grini, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo, uliingia. Hesabu inasema vingine. Kiwango humpa mchezaji mapigo mawili kwenye kila grini, jumla 36, na 36 nyingine za kumfikisha huko. Sörenstam alitumia 34 kufika na 25 kumalizia. Hizo 25 ni chache mno, sibishi, lakini pigo moja la kumalizia huwezekana mara kwa mara pale tu mpira uliotangulia umetua karibu na shimo. Na grini zote 18 alizifikia ndani ya kiwango. Kazi ilifanywa na fimbo za chuma, mita mia na zaidi kabla ya bendera.

Sasa tazama kichwa chake. Anayejifunza gofu huambiwa tangu siku ya kwanza: kichwa chini, macho kwenye mpira. Kwa Sörenstam, fimbo inapogusa mpira, uso wake tayari unageukia lengo. Wengine waliona ni kasoro. Kumbe ni zoezi alilopewa na kocha wake, Henri Reis, kwa sababu zamani alikuwa akibaki nyuma na mwili ukikwama. Kichwa kikiachiwa kizunguke, kifua na nyonga hupita bila kizuizi, uzito huhamia mguu wa kushoto, na uso wa fimbo huukuta mpira kwa namna ile ile leo na kesho. Wanaomwiga hukosea hapa: wao huinua kichwa. Yeye hakiinui hata kidogo. Anakizungusha kikiwa kimo kile kile, mgongo ukiwa umeinama kama ulivyokuwa mwanzo.

La pili halionekani kwenye picha. Pia Nilsson, aliyekuwa kocha wa timu ya taifa ya Sweden, aliwafundisha wachezaji wake kuwa mikwaju 54 inawezekana, yaani birdi kwenye kila shimo. Vilevile aliwafundisha kutenganisha kufikiri na kupiga. Nyuma ya mpira unapima upepo, umbali na fimbo, unaamua. Ukishasogea kwenye mpira, mjadala umefungwa. Ndiyo maana mapigo yake ya siku ya ushindi na ya siku mbaya yalifanana kiasi cha kuchosha mtazamaji. Mimi naona huko kuchosha ndiko ufundi wenyewe.

Kisha akaongeza nguvu kwa mazoezi mazito ya gimu. Mwaka 2002 alishinda mashindano 11 ya LPGA.

Mwaka 2003 alikwenda Colonial, Fort Worth, kucheza na wanaume, mwanamke wa kwanza kwenye shindano la PGA Tour tangu Babe Didrikson Zaharias mwaka 1945. Raundi ya kwanza alipiga 71, moja juu ya kiwango. Kati ya njia 14 za nyasi zielekeazo grini alikosa moja tu, na grini alizifikia 14 kati ya 18. Lakini kumalizia kulimgharimu mapigo 33. Kiwanja kile kilikuwa kirefu kwake: pale ambapo wanaume walipiga fimbo fupi, yeye alilazimika kuchukua ndefu, na mpira wa fimbo ndefu hutua mbali na shimo. Kesho yake alipiga 74, akakosa kufuzu kwa raundi za mwisho kwa mikwaju minne.

Wengi waliandika kwamba grini zilimshinda. Kwa hesabu hizo, kilichomshinda ni umbali. Pigo lake lilikuwa lile lile la Phoenix, na hadi alipostaafu mwaka 2008 lilikuwa limempa mataji 72 ya LPGA, 10 kati yake yakiwa makubwa.